Kagoma Itazame Nini Msimu Huu?

MWENYE DUKA: Mimi naihukumu anime kwa episodi ya kwanza, na nitaendelea hivyo. Anime mpya zinaingia kwa misimu minne kila mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila msimu unakuja na makumi ya majina. Nani hapa Kagoma, mkoani Kagera, ataweza kuyashusha yote? Bando nanunua mimi, kompyuta ni yangu, na diski ikijaa imejaa. Kwa hiyo wiki ya kwanza nashusha episodi za kwanza za zile zinazosemwa sana, naangalia, nafuta. Zinazobaki ndizo nawawekea watu kwenye flashi mpaka msimu uishe. Mteja wangu ni kijana wa bodaboda, ni mvuvi anayepita kwenda mwaloni, ni dereva wa lori la Lusahunga aliyelala hapa usiku mmoja. Huyo humwambii avumilie kwa sababu eti mbele itanoga.

MWANAFUNZI: Kaka, ugomvi wangu na wewe uko kwenye hilo neno "nafuta". Mtu wa Dar es Salaam akiichoka anime dakika ya kumi, amejinyima yeye. Jirani yake ana intaneti yake na ataiona. Hapa ukifuta wewe, umetufutia sisi wote, pamoja na wanaokuja kwako kutoka Kamachumu na Nshamba. Chukua Oktoba 2023. Ilitoka anime ya msichana anayeitwa Maomao, The Apothecary Diaries. Baba yake mlezi ni tabibu, kamfundisha dawa na sumu. Anatekwa na kuuzwa kwenye kasri la mfalme, anakuwa mtumishi wa kufua nguo. Kwenye episodi ya kwanza watoto wachanga wa mfalme wanadhoofika, watu wanasema ni laana. Maomao anagundua ni poda ya uso yenye madini ya risasi ambayo mama zao wanajipaka. Anaandika onyo kwa siri. Mama mmoja analisikia, binti yake anapona. Mwingine analipuuza, mwanawe anakufa. Kaka, sisi tuna dada zetu wanaojichubua kwa krimu zenye zebaki, zimepigwa marufuku na bado zinapatikana. Ile hadithi ilitufaa sisi kuliko watu wengi walioiona. Wewe ulisema nini? Ulisema haina ngumi.

MWENYE DUKA: Nilisema haina ngumi, na kweli haikuwa nazo. Wakati uleule watu walikuwa wananigongea dirisha usiku wakitaka Jujutsu Kaisen, ule mkasa wa Shibuya. Ningewaambia nini? Kwamba diski imejaa msichana anayenusa majani?

MWANAFUNZI: Ungewaambia zipo zote mbili.

MCHORAJI: Naomba niingie hapo, maana nyote mnazungumza kama vile episodi ya kwanza inasema kitu kimoja tu: hadithi. Mimi nachora mabango ya maduka, na usiku najifunza kuchora picha za kutembea kwenye kompyuta. Ukinipa dakika mbili za anime, nakuambia kama waliotengeneza wanajua kazi. Naangalia mtu anavyokaa chini. Naangalia nguo inavyomfuata anapogeuka. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, lakini anime nyingi hazichorwi picha mpya 24. Mara nyingi ni mchoro mmoja kwa picha tatu, yaani michoro minane kwa sekunde, na pengine pungufu. Wamefanya hivyo tangu Osamu Tezuka aanze kurusha Astro Boy kila wiki, tarehe 1 Januari 1963, kwa fedha kidogo na watu wachache. Kwa hiyo ufundi wa anime uko kwenye kuchagua: wapi uchore sana na wapi uache picha isimame. Uchaguzi huo unaonekana mapema. Macho yaliyofundishwa hayahitaji kusubiri episodi tatu.

MWANAFUNZI: Sawa, fundi, lakini macho yako yanapima mkono wa mchoraji. Yanajuaje kama hadithi itafika?

MCHORAJI: Hayajui. Hilo nakubali, tena nina ushahidi unaoniuma. Januari 2021 ilitoka Wonder Egg Priority, ya studio ya CloverWorks. Episodi ya kwanza niliirudia mpaka nikaikariri. Rangi, mikono, jinsi msichana mwenye hadithi anavyovuta pumzi kabla ya kusema, hakuna bango nililowahi kuchora lililonifundisha kiasi kile. Halafu wakazidiwa na ratiba. Katikati wakarusha episodi ya kurudia mambo ya nyuma, na mwisho ukachelewa mpaka Juni, na ulipokuja haukufunga lolote. Ungehukumu kwa mwanzo, ungesema ni kazi ya karne.

MWENYE DUKA: Unaona sasa? Hata ukisubiri unaweza kupata hasara. Mimi heri nipate hasara ya dakika 24 kuliko ya wiki 12.

MWALIMU: Kijana wangu, waitu, hasara ya nani? Mimi nimefundisha fasihi miaka mingi, na sasa naangalia hivi vitu na wajukuu. Wazee wetu wa Kihaya walikuwa na enanga. Mpigaji mmoja, ubao uliochongwa kama kihori na nyuzi zimepita juu yake, watu wamekaa, anaimba habari za Kachwenyanja au za Mugasha mwenye ziwa. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliziandikia tasnifu yake ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akaonyesha kwamba hizi ni tendi, zinastahili kusimama pamoja na tendi za mataifa mengine. Sasa fikirini. Aliyekuja kusikiliza enanga mara nyingi alishaijua hadithi. Alijua nani atakufa. Hakuja kuonja mwanzo aamue kama abaki. Alikuja kuona huyu mpigaji, leo, ataipitisha wapi hadithi anayoijua. Ninyi mmegeuza mwanzo kuwa mtihani wa kuingilia.

MWENYE DUKA: Mwalimu, kwa heshima, mpiga enanga alikuwa anaona nyuso. Akiona watu wanapiga miayo, anarefusha mahali penye vita na kufupisha mahali penye ukoo. Anime imeshachorwa Tokyo na kufungwa. Haimwoni mtu wa Kagoma akisinzia. Mahali pa mpigaji nimekaa mimi. Mimi ndiye ninayeona nyuso.

MWALIMU: Hilo umelijibu vizuri, sitalipinga haraka. Ila mpiga enanga alipofupisha ukoo leo, kesho aliurudisha kwa wasikilizaji wengine, kwa sababu alikuwa nao kichwani. Wewe ukishafuta umefuta.

MWANAFUNZI: Na wenyewe wanaotengeneza wanajua kwamba episodi moja haitoshi. Hilo halisemwi na shabiki, linasemwa na vituo vya televisheni vyenye fedha zao. Tarehe 29 Septemba 2023, Nippon TV walipoanza Frieren hawakurusha episodi moja. Walirusha nne kwa mpigo, saa mbili, kwenye muda wa filamu ya Ijumaa usiku. The Apothecary Diaries mwezi uliofuata ikaanza na tatu kwa siku moja. Aprili mwaka uleule Oshi no Ko ilikuja na episodi ya kwanza ya karibu saa moja na nusu. Kwa nini? Kwa sababu jambo linaloibeba Oshi no Ko liko mwishoni mwa sehemu hiyo. Ungeikata dakika ya 24, ungedhani ni hadithi ya mwimbaji anayependwa na basi.

MCHORAJI: Hapo umesema kitu ambacho kinanisaidia mimi zaidi kuliko wewe. Kama wameona episodi moja haitoshi, wamerekebisha mwanzo. Hawakumwambia mtazamaji awe na subira. Walibeba mzigo wenyewe. Anayeshindwa kunishika mwanzoni asinilaumu.

MWANAFUNZI: Wamerekebisha walio na uwezo. Anime ndogo ya studio ndogo haina kituo cha kuipa saa mbili za Ijumaa. Ukisema kila mtu abebe mzigo wake, unachagua wenye mabega mapana.

MWALIMU: Frieren yenyewe inahusu nini, kwa wasiokuwa na habari? Wajukuu waliniwekea.

MWANAFUNZI: Ni mchawi wa ukoo unaoishi maelfu ya miaka. Inaanza mahali hadithi nyingine zinapoishia: wamekwisha kumuua mfalme wa mashetani, wanarudi mjini, watu wanashangilia. Miaka kumi waliyosafiri pamoja kwake ni kama juma moja. Anaondoka, anarudi baada ya miaka 50, anamkuta Himmel, aliyekuwa kiongozi wao, ni mzee mwenye upara. Muda mfupi baadaye Himmel anafariki. Kaburini Frieren analia, kwa sababu alikaa naye miaka kumi na hakujitahidi kumjua. Halafu anaanza kusafiri upya ili awajue wanadamu. Hayo yote ni episodi ya kwanza, na hakuna pigano hata moja la maana.

MWALIMU: Nililia, sitawaficha. Hapa kwetu mtu akifa, msibani ndiyo tunaanza kuulizana alikuwa mtu wa namna gani.

MWENYE DUKA: Hiyo Frieren niliiweka, msinionee. Niliiweka kwa sababu hiyo episodi ya kwanza ilinikamata mimi. Kwa hiyo kipimo changu si ngumi peke yake. Kipimo changu ni kwamba kitu kinikamate. Na hapo ndipo sheria yenu ya kusubiri episodi tatu inaponichosha. Imetoka wapi?

MWANAFUNZI: Wengi wanaihusisha na Madoka Magica, Januari 2011. Episodi mbili unaona wasichana na nguo za rangi na uchawi, unafikiri ni ya watoto wadogo. Ya tatu mmoja wao anakufa vibaya sana, na ndipo unaelewa kwamba ulikuwa unatazama kitu kingine tangu mwanzo. Baada ya hapo watu wakaanza kuambiana: usiache kabla ya ya tatu.

MWENYE DUKA: Kwa hiyo anime moja ya mwaka 2011 ilificha siri yake kwenye episodi ya tatu, na mimi leo nizishushe tatu tatu za kila takataka?

MWANAFUNZI: Na takataka ndiyo umetaja. Gachiakuta, iliyoanza Julai 2025, ni ya takataka, na umeiweka tangu siku ya kwanza! Rudo, kijana wa mtaa wa waliobaguliwa, anaokota vitu vilivyotupwa na kuvitengeneza. Anasingiziwa mauaji, anatupwa shimoni pamoja na taka za wenye nacho. Vijana wa gereji wa hapa wameipenda kwa sababu wanamjua Rudo. Lakini episodi ile ya kwanza ina muda mrefu wa huzuni kabla ya pigano la kwanza. Uliivumilia kwa sababu watu walikuwa wameshaitangaza.

MWENYE DUKA: Niliivumilia kwa sababu namjua kijana kama yule.

MWANAFUNZI: Ndiyo! Na Maomao hukumjua. Hilo ndilo nililotaka ulitamke. Episodi ya kwanza inakukamata pale inapokutana na mtu unayemjua tayari. Wewe unawajua vijana wa gereji. Wasichana wa sekondari wanaopita mbele ya duka lako kila siku huwajui wanataka nini, kwa sababu hawaingii. Kisha unasema soko limeamua.

MCHORAJI: Binti, usimhukumu mtu kwa kuwa na macho yake mwenyewe. Kila mtu anayo. Mimi ninaloogopa ni ukatili unaotoka kwenye hizi hukumu za haraka. Msimu wa Oktoba 2025 tuliuona. One Punch Man ilipoanza mwaka 2015 kwa Madhouse, mwongozaji Shingo Natsume alikusanya wachoraji wa kujitegemea kutoka kila upande, wakaja kwa sababu ya kumheshimu, wakachora mapigano ambayo mpaka leo watu wanayasoma picha kwa picha. Msimu wa pili, 2019, ulihamia J.C.Staff, watu wakanung'unika. Kisha wa tatu ukaja, J.C.Staff tena. Episodi za kwanza zina sehemu ambazo picha inasukumwa tu kama karatasi mezani. Watu wakazikata hizo sehemu, wakazisambaza, wakatukana, mpaka mwongozaji wa msimu huo akaondoka kwenye mtandao wa X. Mtu mmoja kabebeshwa kosa la ratiba, la bajeti, la kamati ya makampuni yaliyotia fedha. Siwezi kusema kazi ile ni nzuri. Si nzuri. Lakini anayejua jinsi inavyotengenezwa angeuliza walipewa muda kiasi gani kabla ya kumtafuta mtu wa kumpiga.

MWENYE DUKA: Mimi sijamtukana mtu Japani. Niliangalia, nikasema imeshuka, na bado nimeiweka, maana watu wanaidai kwa jina. Wanakuja wanasema "niwekee ya yule mwenye upara", yaani shujaa wa One Punch Man, hawaulizi studio.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo yenye jina ikishuka unaiweka, na isiyo na jina ikianza taratibu unaifuta. Basi episodi ya kwanza hata siyo kipimo chako. Kipimo chako ni jina.

MWENYE DUKA: Kipimo changu ni kodi ya fremu.

MWALIMU: Mnashindania macho tu, na masikio mmeyaacha. Nimekaa na vijana hapo dukani. Sauti ni Kijapani, maandishi chini ni Kiingereza, yanapita upesi. Wangapi wanayasoma? Kijana aliyeishia darasa la saba anaangalia picha tu. Sasa mpe Frieren, ambako kila kitu kiko kwenye maneno machache na ukimya, kisha mpe Solo Leveling, ambako jitu linamkata mtu vipande viwili. Atachagua ipi? Atachagua ile anayoielewa bila kusoma. Tunasema vijana wa Kagera hawapendi hadithi za taratibu. Hatujawahi kuwapa moja wakaielewa.

MWENYE DUKA: Mwalimu, hapo umenigusa, maana najua ni kweli. Filamu za Kihindi na za Kichina watu wa hapa walizipenda zilipotafsiriwa. Tumekua na kanda za mtafsiri Lufufu. Na kwa kuwa mpaka wa Mutukula uko karibu, tulipata za VJ Jingo wa Kampala kwa Kiganda, na wazee wetu wengi Kiganda wanakisikia. Mtu alikuwa anaangalia saa mbili bila kuondoka, hata pale pasipokuwa na ngumi, kwa sababu mtafsiri alikuwa anamwambia kilichomo moyoni mwa mhusika. Anime nyingi hazijapata watu hao. Zinatoka upya kila wiki. Mtafsiri akimaliza episodi moja, nyingine imeshafika. Nyingi zinarushwa Japani usiku. Saa tano na nusu ya usiku kwao, kwetu ni saa kumi na moja na nusu jioni. Jioni hiyohiyo mtu anaitaka.

MWANAFUNZI: Kwa nini jioni hiyohiyo? Naruto ina episodi 220, na Shippuden 500 juu yake. Nani aliyeiona hapa jioni iliporushwa? Iliisha 2017, na bado kuna watoto wanaianza leo kwenye flashi zako na kubishana kana kwamba Jiraiya, mwalimu wa Naruto, amekufa jana. Hiyo haraka ya msimu tumeazima. Kampuni zina sababu ya kuitaka, zinataka watu waongee wiki hii kabla matangazo hayajapoa. Kagoma tunaharakia nini? Tungeweza kuchukua msimu wa mwaka jana, tukachagua tulivyo, tukaangalia mpaka mwisho.

MWENYE DUKA: Kwa sababu vijana wana simu! Wanaona vipande vifupi vya leo kwenye TikTok, wanakuja kuuliza cha leo. Ukiwapa cha mwaka jana wanadhani umewapunja. Na ukisubiri msimu uishe, mwenzangu wa Muleba mjini ameshawapa.

MCHORAJI: Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeligusa, na sitaki tulipite kwa sababu ni gumu. Hizo mnazobishania kuziweka au kuzifuta, zote mmezichukua bure. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tuna COSOTA ya kuisimamia. Yule anayechora mikunjo ya nguo mpaka alfajiri Tokyo analipwa kidogo, hilo wachoraji wenyewe wa Japani wamelalamikia kwa miaka. Kwenye shilingi anayolipa mteja wa Kagoma hapati hata senti. Tunamhukumu kwa dakika 24 ambazo hatukumlipa.

MWENYE DUKA: Nionyeshe mahali pa kulipa. Ukumbi wa sinema hapa haupo. Huduma zao zinataka kadi ya benki na intaneti isiyokatika, na mteja wangu ana simu ndogo na flashi. Mimi mwenyewe sijaona huko anime yenye maandishi ya Kiswahili. Wakifungua mlango unaolingana na mfuko wa mvuvi, nitakuwa wa kwanza kuwauzia.

MCHORAJI: Mlango kukosekana hakufanyi kitu kuwa chako. Nasema hivyo kwa sababu mimi pia nitachora yangu siku moja. Raymond Malinga, Mganda, ametengeneza Herderboy, ikaingia kwenye mkusanyiko wa Kizazi Moto wa Disney mwaka 2023. Wachungaji wa ng'ombe wa kwetu huku, lakini wa siku zijazo, wanapambana na mizimu. Kazi kama hiyo ikifika Kagoma kwa flashi, Malinga naye atakuwa amepata nini? Na ungeipa dakika ngapi?

MWENYE DUKA: Ningeiangalia yote. Ni ya ng'ombe.

MWANAFUNZI: Ona basi! Mtu unayemjua. Tumerudi palepale.

MWALIMU: Swali la fundi halijajibiwa, ila tusimwache binti. Unataka nini hasa, mwanangu? Maana kulaumu umelaumu vya kutosha.

MWANAFUNZI: Nataka kila msimu anime moja, moja tu, isiyo na jina na isiyo ya ngumi, iwekwe episodi tatu. Nitaichagua na wasichana wenzangu. Jumamosi mchana tuioneshe kwenye ile televisheni ya dukani, nami nitakaa pembeni niitafsiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Chukua msimu wenye Frieren na Jujutsu Kaisen. Zote mbili zitajaza diski yako, najua. Natafuta nafasi ya ya tatu.

MCHORAJI: Ukikaa pembeni na kutafsiri, utaua ukimya. Pale Frieren anapolia kaburini, aliyeongoza aliacha kimya makusudi. Mtafsiri wa dukani haachi kimya, analipwa kwa maneno.

MWANAFUNZI: Basi pale nitanyamaza. Nani amesema kutafsiri ni kujaza kila sekunde?

MWALIMU: Wapiga enanga walijua mahali pa kuacha nyuzi peke yake. Atajifunza. Na nikuambie, fundi, juisi ya ndizi iliyokamuliwa asubuhi si rubisi bado. Mtu anayeionja saa hiyo na kusema haina nguvu hajakosea alichoonja, amekosea saa. Mpe huyu binti saa yake.

MWENYE DUKA: Jumamosi mchana? Jumamosi mchana mnajua ni saa ngapi ya mpira? Watu wanajaa pale mpaka mlangoni kuangalia Ligi ya Uingereza, na siku ya Simba na Yanga hata mimi sipati pa kukaa. Mnaniomba niwafungie watu mpira niwawekee msichana anayenusa majani.

MWANAFUNZI: Jumapili, baada ya kanisa.

MWENYE DUKA: Jumapili nakubali, saa nane hadi saa kumi. Umeme ukikatika tumeahirisha, jenereta siwashi. Episodi ya kwanza nawapa bure. Ya pili, wakibaki chini ya nusu ya walioanza, ya tatu haiwekwi.

MWANAFUNZI: Nusu ya nani, kaka? Ukiwahesabu vijana wako wa bodaboda wataondoka, na utasema nimeshindwa. Wahesabu wasichana.

MWENYE DUKA: Wasichana hawaji dukani kwangu.

MWANAFUNZI: Wakija Jumapili hiyo ya kwanza wakakuta umewawekea viti nyuma ya meza ya pool, hawatarudi ya pili, hata kama anime ni nzuri kiasi gani. Kuna mambo yanahukumiwa kwa mara ya kwanza kabla televisheni haijawashwa.

MWENYE DUKA: Sasa unageuza maneno yako. Mwanzo ulisema mara ya kwanza isihukumiwe.

MWANAFUNZI: Nilisema wewe usiwahukumie wengine. Duka lako wao watalihukumu siku hiyohiyo, na watakuwa na haki, kwa sababu wao hawana Jumapili nyingi za kukujaribu. Kuna maji ya kuteka, kuna wadogo wa kulea.

MCHORAJI: Basi na yule dereva wa lori anayelala hapa usiku mmoja ana haki ileile. Naye hana usiku mwingi. Umempa kaka hoja yake, binti.

MWANAFUNZI: Nimempa nusu. Dereva akiikataa anaondoka na lori lake, na anime inabaki dukani. Kaka akiikataa haibaki.

MWENYE DUKA: Ongezeni diski, mimi nitaacha kufuta. Nani ananunua?

MWALIMU: Inauzwaje?

MCHORAJI: Mwalimu, usinunue kabla hajanijibu la yule mchoraji wa Tokyo.

MWENYE DUKA: Na wewe usinizuilie diski kwa deni la Tokyo. Meza ya pool nitaisogeza. Binti, hiyo anime yako ya tatu inaitwaje, nianze kuishusha usiku bando likiwa rahisi?

MWANAFUNZI: Haijatoka bado, kaka. Nataka kwanza tukubaliane kwamba ikitoka utashusha tatu.